Matone ya Mzee Tolliver

Asubuhi hiyo Jaji alikuja na gazeti. Tunamwita Jaji kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kusikiliza kesi ya ng'ombe aliyeibwa, na tangu hapo hajatulia. Sisi tunaokunywa kahawa kwenye kituo cha mafuta cha Bi Ernestine, hapa kwetu Mississippi, tukanyamaza asome.

"Jimbo limeamua. Msaidizi wa wagonjwa asiye na leseni haruhusiwi kumtia mtu dawa ya macho. Amkumbushe tu."

Kambare, muuza samaki, akaacha kutafuna. "Amkumbushe nini? Kwamba ana macho?"

Tukamgeukia mzee Tolliver. Ana presha ya macho, na mikono yake hutetemeka hadi kahawa twammiminia nusu kikombe. Daktari keshamwambia, akiruka matone atapofuka. Nyuma yake kasimama Darnetta, anayelipwa kumhudumia, beji kifuani, chupa mkononi.

"Mzee Tolliver, nakukumbusha dawa yako."

"Nimekumbuka, binti yangu. Sasa?"

"Sasa ndiyo mwisho wangu. Nikikutia, kazi sina."

Mzee akajaribu mwenyewe. Tone moja likaingia sikioni, jingine kwenye kikombe changu.

"Bibi, kahawa yako itaona mbali leo," akasema Kambare.

"Muuguzi mwenye leseni yuko wapi?" nikauliza.

"Huja Jumatatu," Darnetta akajibu.

"Basi macho yangoje Jumatatu," akasema Kambare. "Jaji, hebu tazama, mimi je?"

Jaji akapekua. "Wewe hulipwi. Hujakatazwa."

Kambare akajifuta mikono kwenye aproni yenye magamba ya samaki, akanyoosha mkono achukue chupa. Tolliver akajifunika uso.

"Heri upofu."

"Yaani aliyefunzwa akatazwe, mpasua samaki aruhusiwe?" nikasema.

"Sheria ni msumeno, Bibi."

"Na wewe Jaji unausifia makali, jicho si lako."

Darnetta akatutazama mmoja mmoja. Akabandua beji, akaiweka kando ya sukari.

"Nimetoka kazini."

Akanawa mikono, akakilaza nyuma kichwa cha mzee. Tone huku, tone kule. Akaivaa beji yake.

Jaji akakohoa. "Watu wa jimbo wakija kuuliza, tutasemaje?"

Tolliver alikuwa bado amefumba macho, dawa ikolee. "Mimi sikuona kitu."

Kambare akafumba yake. Nami nikafumba yangu. Jaji alikawia kidogo, lakini alifumba.