Mitume Kumi na Wawili Mu Muti Mubichi

Siku ya kwanza ya juma, 6 octobre

Wizi! Asubuhi mapema! Hapana, Bwana anisamehe, si wizi, ni kuazima. Mais kuazima kwa Zorobabel na wizi, mama yao ni mumoja. Huyu ni seremala mwenzangu, Mukatoliki, atelier yake ya kazi inatazamana na yangu hapa mutaani Mususa. Aliingia, akanisalimu "Wavukire, Papa Gracieuse," akatia mukono mu bidon yangu ya meshi za perceuse, vile vyuma vya kutobolea mbao, akatoka na ile ya milimita nane. Mimi niko magotini, ninaomba! Ningesema nini? Nilikuwa sijafika Amina.

Na hizo meshi ni mupya! Kumi na mbili, kuanzia nyembamba kama sindano mupaka nene kama kidole. Shemeji Mathe alinitumia kutoka Beni, mutaani Beu, kwa ajili ya kazi kubwa ya maisha yangu: milango ya hekalu letu jipya la Waprotestanti. Lazima isimame mbele ya tarehe 19, siku ya kufungua. Pasta Esdras alisema wazi kwamba nikichelewa atamupa Zorobabel kazi. Mukatoliki! Milango yetu! 

Donc, nikafikiri. Meshi zikilala zote mu bidon moja, kila mutu anachota tu kama maji ya kisima. Zinahitaji nyumba.

Siku ya pili, 7 octobre

Nyumba iko tayari! Nilikata kipande cha muti wa kalitusi kule kilimani, mubichi, maji bado yanatoka. Mubichi unatoboka mulaini kama boga. Kila meshi ilitoboa tundu lake yenyewe. Inaingia, inakaa, haichezi hata kidogo! Ningekuwa mutu wa kiburi, ningesema nimevumbua kitu.

Tena sikuandika namba. Namba Zorobabel anazijua. Niliandika mitume! Ile nene ni Petro, halafu Andrea, halafu wengine, kwa kufuata unene. Ile ya milimita nane, yenye Zorobabel alirudisha imepinda, nikaiita Yuda.

Zorobabel alikuja kuona. Akacheka mupaka akashika mulango. Eti sisi Wakatoliki watakatifu wetu tunawasimamisha kanisani, nyinyi munawafungia mu muti, kwani walikosa nini? Kisha akauliza ni mutume gani hapo aliye milimita sita. Nikamujibu kwa upole wa Kikristo kwamba hiyo ni siri ya nyumba. Alirudi mikono mitupu. Ushindi!

Bibi yangu, Mama Gracieuse, alitazama ule muti, akauliza: si mubichi huu? Nikamukumbusha kwamba useremala ni wangu, maharagi ni yake.

Siku ya tatu, 8 octobre

Yesu wangu! Petro ana kutu! Usiku mumoja tu! Na muti wenyewe umegeuka mweusi kuzunguka kila tundu, kama mutu amemwaga wino. Ni hii mvua ya octobre, haina huruma, inaingia mupaka mu mifupa.

Nilifikiri tena. Kitu gani mu nyumba hii hakiozi? Mahindi ya mbegu! Yananing'inia jikoni juu ya moto, mu moshi, na toka tulipooana hayajaoza hata mara moja. Basi chuma kitaozaje pale? Nikapaka mitume wote mafuta ya mawese, nikawatundika katikati ya mahindi, na nyumba yao.

Mama Gracieuse alinitazama kama mutu anavyotazama mbuzi aliyeingia mu ibada.

Siku ya posho, ya sita ya juma, 11 octobre

Zorobabel alikuja kuazima "ule munene". Nikamwambia Petro yuko jikoni. Akauliza: anapika ao anapikwa? Watu wa barabarani wote walicheka. Sikucheka.

Siku ya kwanza, 13 octobre

Kaye yangu, daftari yangu, ninakuambia wewe peke yako.

Milango yote miwili iko tayari, imebaki kutoboa nafasi ya charnières, zile bawaba, na serrure ya kufungia. Nikaenda jikoni, nikashusha muti. Mukavu! Mwepesi! Nikamushukuru Mungu, nikavuta Petro. Petro hakuja. Nikavuta Andrea. Wapi! Nikavuta Filipo kwa pince, ile koleo, nikaanguka nyuma juu ya sufuria. Muti ulikauka, ukabana meno! Na mafuta ya mawese yaligeuka gundi. Wote kumi na wawili wamesimama mule ndani kama mizizi.

Nikachukua nyundo. Yohana akavunjika shingo. Yohana, mutume wa upendo! Na Yuda, nilimupiga mara nyingi zaidi, hana hata mukwaruzo. Hii siielewi.

Siku ya pili, 14 octobre

Nilijaribu sabuni. Nilijaribu kufunga na kuomba. Petro hajasogea.

Pasta Esdras akapita, akauliza kazi inaendaje. Nikamwambia kwamba mitume wote wako pamoja, hakuna hata mumoja aliyetoka. Hapo hapana uongo! Alinitazama sana, akatazama milango isiyo na tundu hata moja, akasema kesho jioni ataenda kuongea na Zorobabel.

 

Siku ya tatu, 15 octobre

Siku ya ajabu. Niandike polepole.

Asubuhi nilivuka barabara. Mimi! Kwenda kuazima meshi kwa Zorobabel! Alicheka kwanza, alicheka vizuri, kisha akatazama chini. Eti, Papa Gracieuse, yangu ilivunjika zamani. Unafikiri kila asubuhi ninakuja kwako kwa sababu ya nini, kwa sababu ya uso wako?

Hana! Hana hata moja! Huyu mutu wa kunipokonya hekalu hawezi kutoboa hata boga bila bidon yangu! Nilisimama katikati ya barabara mupaka pikipiki ikanipigia honi.

Nikarudi mbio. Ndani nikasikia: kwa! Mama Gracieuse na shoka jikoni. Maharagi yalikuwa hayajaiva, kuni zote zimeloba na mvua, muti mukavu mu nyumba nzima ni mumoja tu. Nyumba ya mitume! Nilipiga kelele. Kwa! Muti ukapasuka kufuata nyuzi zake, kipande baada ya kipande, na meshi zikaanguka mu majivu kama punje za mahindi. Kumi na moja, nzima!

Nikainama kuziokota. Yeye akauliza: si ulitaka zitoke? Akazisugua na majivu, akazifunga mu kitenge kizee, kila moja mu kikunjo chake, zinaonekana zote mara moja. Kisha akatia vipande vya nyumba ya mitume mu moto.

Nilitoboa milango mbele ya Pasta kufika. Bila Yohana, charnières zote nilizitoboa na Yuda. Hilo Pasta asijue.

Siku ya Mungu, 19 octobre

Milango ilifunguka bila sauti! Hata Zorobabel alikuja. Akasema mulango kama huu hata Mukatoliki angeupitia bila aibu. Nilimusalimia kwa mikono miwili.

Nilitoa ushuhuda mbele ya kanisa, namna Mungu alivyonifundisha kupasua muti. Nilitaka kumutaja Mama Gracieuse pia, mais muda ulikuwa mufupi.

Siku ya kwanza, 20 octobre

Heshima gani hii! Pasta amenipa kazi nyingine. Vikombe vipya vya Meza ya Bwana vimefika, vya kioo, vidogo, vyembamba kama ganda la yai. Anataka ubao wa kuvipanga, visigongane wazee wakivipitisha.

Ndiyo kazi yangu hii! Nimeshakata kalitusi, mubichi, maji bado yanatoka. Kila kikombe nimekipimia tundu lake. Kinaingia, kinakaa, hakichezi hata kidogo! Mama Gracieuse aliuliza kitu juu ya muti, sikusikia vizuri, nilikuwa ninatoboa.

Na mvua hii haina huruma. Nimeutundika jikoni, kati ya mahindi, pamoja na vikombe vyote ndani, visipotee.