Gari la Zahanati Chini ya Migomba Yangu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Wewe unayefungua daftari hili, najua ni Judy. Hakuna mwingine anayepekua chini ya mto wangu. Miaka miwili hujakanyaga hapa! Chai uliyoiacha imepogolewa sasa inanifika kiunoni. Keti. Kula kwanza. Halafu usome aibu ya mama yako. Na usinisahihishe, herufi nilijifunza kwa mifuko ya mbolea.

Leo Oyaro, mtoto wa kaka yangu, ameleta lile gari lako kuukuu, hiyo haibridi ya mafuta na umeme. Ulisema kwa simu liende moja kwa moja zahanati ya kule juu, kwa nesi Chepngeno, liwe la kubeba akina mama wajawazito. Moja kwa moja! Na nani atajua limetoka kwetu? Mwaka jana jirani yangu Ayoo alitoa tangi la maji pale zahanati. Jina lake liko kwa tangi, rangi ya buluu, herufi kubwa kama ndama. Mgonjwa hamezi kidonge bila kusoma AYOO.

Mpango wangu: Jumapili kuna harambee ya zahanati. Nitalitoa mbele ya watu wote, na utepe. Gari liko chini ya migomba, ufunguo nimeufunga shingoni. Molly, mke wa kijana wa Ayoo, tumbo liko chini, lakini mimba ya kwanza haina haraka. Ni siku sita tu. Nani atazaa kwa siku sita?

Jumanne, 13 Mei

Chepngeno amekuja. Ananiita kogo, ndivyo kwao wanavyoita nyanya. Aliuliza gari linangoja nini. Nikamwambia linapumzika, limetoka mbali. Akanitazama kama mtu anayepima presha.

Akasema Molly ana upungufu wa damu, ni lazima azalie zahanati. Nikajigamba kwamba mimi nilizaa saba bila kupimwa damu. Akaniuliza wako hai wangapi.

Nikamwongezea chai.

Jioni Ayoo alisimama kwa ua. Aliona kuku wawili juu ya gari. Akanipongeza kwa kibanda kipya cha kuku, akasema hajawahi kuona kibanda chenye vioo. Nilicheka ili asijue neno limeingia. Liliingia.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua! Lori la majani limekwama kwa tope, karani wa kupima majani amerudi kwake. Nimebaki na kilo hamsini za majani mabichi na paa linalovuja. Yakilowa kiwanda kitayakataa.

Halafu nikaliona gari. Kavu ndani. Limekaa bure kama mkwe mvivu.

Nimejaza kiti cha nyuma mpaka dirishani, nikashindilia na goti. Oyaro aliwahi kuniambia gari hili lina pua pembeni ya kiti hicho, kwamba betri hupumulia hapo, isizibwe. Nilidhani ni maringo ya watu wa gereji. Gari lenye pua! Kesho litaniambia lina mafua.

Ijumaa, 16 Mei



Saa nne asubuhi Ayoo alipita kwa ua. Hakuzunguka langoni, alipita katikati ya ua, bila kitambaa kichwani. Akasema maneno matatu tu: "Mama Judy, gari."

 Nikampigia Oyaro. Tulitoa majani kwa mikono, tukayatupa kwa matope, kilo hamsini zote, na sikulia. Molly akalazwa pale pale yalipokuwa. Kiti kilikuwa na joto kama ugali.

Tulifika mteremko wa kituo cha majani. Taa za mbele ya dereva zikawaka zote kama Krismasi. Gari likapunguza mwendo, likasimama. Oyaro akapapasa pembeni ya kiti, akachomoa ngumi nzima ya majani yangu.  Alinionyesha tu.

Mtoto hakungoja pua izibuke. Wachumaji waliokuwa wanangoja lori walivua aproni zao za plastiki, wakazishika kuzunguka mlango kama pazia. Nikaingia ndani. Mikono yangu ni myeusi kwa utomvu wa chai, lakini inajua kazi. Ayoo alimshika Molly kichwa. Mkono wake mwingine ulinishika kifundo cha mkono mpaka nikapata alama. Nilimwambia Molly, sukuma mwanangu, nitukane ukitaka. Alinitukana vizuri sana.

Msichana. Alilia kwa nguvu. Nikamfunga kwa leso yangu ya kanisani.

Oyaro alisafisha pua kwa kitana changu. Gari likavuta pumzi. Tulifika Molly akiwa baridi na damu ikitoka, Chepngeno akakimbia na dripu. Nilikaa nje kando ya lile tangi la buluu. Nilisoma AYOO mara mia. Kila mara nilisema, Mungu, mwache msichana wa watu, hata mwandike huyu mama yake mkwe kwa kila ukuta.

Saa nane Chepngeno alitoka. Molly yuko salama. Halafu akasema polepole, "Kogo, gari hili lingekuwa hapa tangu Jumatatu." Afadhali angenizaba kofi.

Ayoo akatoka nyuma yake na mtoto. Nikathubutu kuuliza jina. Mimi ndiye niliyempokea. Mokeira, jina langu mimi, ni jina zuri. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Kwetu msichana akizaliwa njiani, jina linajileta lenyewe. Hata mimi nilizaliwa njiani, mama akitoka sokoni. Huyu ni Ayoo."

Mimi na majani yangu tumezaa Ayoo wa pili!

Jumapili, 18 Mei

Harambee. Nilivaa viatu. Mchungaji Hezekiah alitangaza kwamba zahanati imepata gari, gari alimozaliwa mtoto Ayoo. Watu walisikia Ayoo, wakapiga makofi. Ayoo mkubwa akasimama akapunga mkono. Nilipokata utepe walikuwa wamegeuka kumtazama mtoto.

Sasa watoto wote wanaliita gari la Ayoo. Tangi la Ayoo, gari la Ayoo. Bado mlima wa Ayoo.

Baadaye alinitumia maziwa na ujumbe kwamba mtoto anataka nyanya wa pili. Nilikunywa maziwa. Nitaenda kesho kumbeba, mdogo yule hana makosa.

Jumatatu, 19 Mei

Asubuhi nilimwapia Chepngeno kwamba nimejifunza, msaada haungoji siku ya sherehe.

Mchana yamefika magodoro kumi uliyotuma ya wodi ya wazazi. Ulisema moja kwa moja. Nimekusikia. Lakini Mchungaji anasema Jumapili ijayo kuna shukrani, na askofu atakuwepo. Nimeyapanga juu ya kitanda changu, yote kumi, ili Ayoo asiyaone. Naandika nikiwa juu yake, pua yangu inagusa mabati.

Ni siku sita tu. Nani atazaa kwa siku sita?

Ukija tena, Judy, leta kopo la rangi nyekundu na brashi pana ya herufi kubwa kuliko ndama, na upitie nyuma kwenye migomba.