Suala la Kisogo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, mheshimiwa Makamu wake, mheshimiwa anayekaimu nafasi ya Makamu wake, waheshimiwa wakuu wa idara na wa vitengo vilivyo chini ya idara, fundi wa vipaza sauti, na ninyi mliokuja kwa sababu mlisikia kuna soda: naomba radhi kwa ukimya wa ofisi yangu, ukimya wa miaka saba, ambao haukuwa ukimya wa usingizi bali ukimya wa mchakato. (Makofi ya watu wawili, wote wa ofisi yake.)

Leo tunazindua Kamusi ya Misemo ya Viungo vya Mwili, ile mnayoiona mezani chini ya kitambaa cha bluu, kazi iliyotekelezwa kwa asilimia tisini na saba nukta nne chini ya uongozi wangu, ambao nimeutathmini mwenyewe na kuupa alama za juu. (Kikohozi.)

Utafiti ulikuwa wa kina. Tulipochunguza asili ya "mkono mrefu," yaani wizi, tulipima mikono ya wafanyakazi mia mbili na kumi wa jengo hili, na matokeo yanaonyesha kwamba hakuna mwenye mkono mrefu hata mmoja, ingawa tepu tatu za kupimia hazijaonekana hadi leo. (Kicheko. Mtunza stoo anaangalia viatu vyake.) Kuhusu "mkono wa birika," yaani bahili, tulilitazama birika la ofisi kwa siku nne mfululizo, tukathibitisha kisayansi kwamba mkono wake umejikunja na haunyooki kumpa mtu kitu. Na "shingo upande" asili yake ni karani aliyeitwa na bosi chai ikiwa imeshamiminwa: miguu ilikwenda, shingo ikabaki imegeukia kikombe. (Kicheko kikubwa. Sauti: "Huyo ni mimi!")

Nimshukuru pia mwalimu mstaafu aliyeketi mstari wa mbele, mnayemwita Bibi Kadi, aliyetukabidhi kadi elfu moja na mia mbili alizoziandika kwa miaka thelathini, kila kadi msemo mmoja, maana yake na asili yake. Hana nakala. Ameniandikia barua kumi na nne akitaka kuisoma kamusi angali anaona, na zote nimezipokea kwa moyo mkunjufu. (Bibi Kadi anasimama.)

"Mwanangu, nilikufundisha darasa la nne. Hukunidanganya hata siku moja, kwa sababu hukuweza. Kadi zangu ziko wapi?"

Mama yangu, kadi zako ndizo msingi wa kazi hii yote.

"Basi fungua, unisomee 'kumpa mtu kisogo.'"

Hapo umegusa kiini! Kamati imekaa vikao hamsini na viwili juu ya swali moja: kisogo ni kiungo, au ni mahali tu nyuma ya kichwa? Nusu wanasema kiungo, nusu wanasema mahali, na bila kujua kinachoingia hatuwezi kuanza herufi A. ("Unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa!" Sauti kutoka nyuma.) Nashukuru kwa mchango huo, msemo wenyewe bado uko kwa kamati ndogo, maana chupa tumeikagua, haina mgongo.

(Bibi Kadi anainama polepole. Chini ya mguu mfupi wa meza kuna furushi lililofungwa kwa kamba ya kijani. Analivuta. Meza inalala upande, kitambaa kinateleza, na "kamusi" inaanguka: boksi tupu la karatasi za fotokopi.)

Nilisema ndizo msingi, mama. Sikukudanganya.

("Kweli, bado huwezi," anasema Bibi Kadi, akipangusa vumbi. Mpiga chapa wa mtaa wa pili anampokea furushi: "Twende kwangu, bibi, tuanze leo leo." Ukumbi mzima unasimama na kuwafuata.)

Subirini kaulimbiu! Misemo, oyee! ("Oyee," dereva wake peke yake.) Lugha yetu, mwili wetu! (Viti vinaburutwa.) Waheshimiwa, hata kwa kuondoka mnachangia: kutoka hapa jukwaani ninaviona visogo vyenu vyote, vingi, vimepangana vizuri, na sasa ninaweza kuiarifu kamati kwamba vipo. Asanteni sana kwa kufika kwenye uzinduzi wa kitabu ambacho hakijaandikwa. Kamati ikishakata shauri, nitawaandikia.