Gazeti la Vijana Lisilo na Kijana

Spika, mpiga debe wa magari ya Arua, aliteremka stendi ya Koboko akipunga gazeti juu kama mtu aliyeshinda kombe.

"Imetoka! Jana walizindua! Gazeti ya hadithi ya vijana imetoka!"

Stella Kiden, muuza chai, nusura aimwage. Miezi mitano alikuwa akiingoja habari hiyo hapo kibandani pake. Alikuwa amewatumia wenye gazeti hadithi yake, kurasa sita kwa mkono, ya mama aliyekimbia vita mji wa Kaya, ng'ambo ya mpaka, na mlango wa nyumba yake kichwani. Wakamjibu kwamba wameipenda. Aliliambia benchi la wateja wake tu, na benchi likaiambia Koboko nzima.

"Tuende kwa utaratibu," akasema Mwalimu Driwaru, mama mstaafu wa shule ya Ludara, aitwaye Ajenda kwa kuwa hata chai hainywi kabla ya kutangaza kinachofuata. "Ukurasa ya kwanza iko na nini?"

"Picha ya mlezi."

"Ya pili?"

"Salamu ya mlezi."

"Ya tatu?"

"Picha ya mwenyekiti. Anasalimia mlezi."

Mihuri aliangua kicheko. Huyo ni Wahabu, wakala wa forodha kule mpakani Oraba, asiyeamini hata mvua mpaka igongwe muhuri. "Hii gazeti ama harusi?"

"Ngoja, iko na majina ya wageni. Kurasa nne!"

"Na hadithi iko wapi, kaka?" Kiden aliuliza.

Spika alifunua mpaka karibu na jalada. "Iko moja. 'Maisha Yangu Tangu Utoto.' Nani aliandika? Mlezi!"

"Kijana huyo!" Mihuri akapiga paja. "Miaka sabini na mbili, bado anaota meno!"

Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa tochi, waliandika kwamba hadithi za vijana zitatoka toleo lijalo, kwani nafasi haikutosha.

"Na wanasema gazeti huru," Ajenda akabeua midomo.

"Iko huru kabisa, Mwalimu," Mihuri akajibu. "Haina hata hadithi ya kuisumbua!"

Wakacheka wote. Kiden hakucheka. Aliumia hasa, akageukia birika wasimwone, maana miezi mitano si mchezo. Kisha akavuta daftari chini ya sanduku la sukari, ambamo alikuwa ameinakili hadithi ile.

"Mimi naanza yangu," akasema. "Karatasi moja kila Jumamosi, nabandika hapa ukutani. Kijana akiwa na hadithi, alete. Ya leo nasoma sasa hivi."

"Hiyo ndiyo gazeti!" Spika akaruka. "Si ile takataka ya salamu!"

"Vizuri sana, binti yangu," Ajenda akasema. "Lakini mutu hawezi kusoma hivi hivi. Mwenyekiti ni nani?"

"Mama, ni hadithi tu."

"Hata hadithi iko na utaratibu. Mimi nakaimu."

"Nani alikuchagua?" Mihuri akasimama. "Na muhuri iko wapi? Karatasi bila muhuri, hata Oraba haipiti!"

"Mlezi ni mimi," akasema Spika. "Mimi ndiye nilileta habari."

"Wewe mlezi? Hata kuku hujalea!"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Waligombania umwenyekiti, wakagombania nani atoe neno la ufunguzi, na Mihuri akadai makamu wawili, mmoja wa Koboko na mwingine wa Oraba. Kiden aliwatazama kidogo, akahamia upande wa pili wa kibanda, kwa Elena mkaanga chapati. Akaanza kusoma. Madereva wawili wa malori wakashusha vikombe. Chapati iliungua na Elena hakuigeuza.

Hatimaye Ajenda akakohoa. "Itifaki imezingatiwa. Sasa tunamkaribisha Kiden asome, kwa dakika mbili."

Kiden alikuwa ameshabandika ukurasa ukutani, na Elena anafuta macho kwa kanga.

"Imeisha, mama."

"Imeisha? Nani alifungua?"

"Hakuna. Yule mama ameshavuka mpaka na mlango wake, wakati mlikuwa mnachagua makamu."

Mihuri akatazama viatu vyake. Spika ndiye aliyesogea ukutani, akaukagua ukurasa kutoka juu mpaka chini, uso umekunjamana.

"Kiden, hapa juu iko na nafasi kidogo," akasema. "Andika mlezi alikuwako."