Kitengo cha Kushuka Treni cha Mji wa Hanemori

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba mji wetu wa Hanemori umepata mafanikio makubwa katika sekta ya kushuka treni. Mimi ni Tsukuda, Kaimu Naibu Mkuu wa Kitengo cha Kushuka, ghorofa ya tatu, mlango uliopakana na choo. Ninayoyasema yana mhuri.

Tatizo lilikuwa hili. Hanemori ni mji wa kulala. Asubuhi watu elfu thelathini wanapanda treni kwenda kazini Tokyo, jioni wanarudi, wanaoga, wanalala. Mchana tunabaki sisi wa manispaa, paka, na Bi Orie Tokiwa, mjane anayekaanga kroketi, aina ya katlesi za viazi, kwenye mtaa wa maduka mbele ya stesheni. Maduka mengine yote ya mtaa ule yameshafungwa. Treni ya haraka nayo inatupita kama mtu anayemkwepa mama mkwe. Bi Orie akatoa kauli: isiposimama kufikia mwisho wa Machi, anazima jiko na kwenda kuishi kwa dada yake.

Kampuni ya reli ikajibu barua yetu ya kumi na nne. Treni ya haraka itasimama endapo watu mia tatu watashuka Hanemori asubuhi moja. Wanaopanda hawahesabiwi.

Mstahiki Meya Ebihara akaunda Kitengo papo hapo. Ndani ya miezi mitano tu tulikuwa na nembo, wimbo, na vazi la kitunguu chenye miguu, kwa kuwa mji hauna sifa nyingine. Ndani ya kitunguu ni mimi. Kisha ukapitishwa Mwongozo Namba Nane, wenye mihuri ya Meya na wakuu kumi na mmoja wa idara: kila mtu atakayeshuka kutoka nje ya mji atavishwa utepe, ataimbiwa, na atapelekwa mtaa wa maduka kununua na kula kroketi tatu, bila kujali cheo.

"Tatu asubuhi asubuhi?" Bi Orie aliniuliza. "Wewe Tsukuda, mnataka kuua watu?"

"Ni kiwango cha kamati, Bi Orie."

"Na asiposhuka mtu?"

"Mwongozo hauna kifungu cha hilo."

"Basi mko salama," akasema, akageuza kroketi.

Kwa kuwa wageni hawakuwapo, tulihamasisha wakazi. Mia tatu wangepanda basi hadi Kamizawa, stesheni ya nyuma yetu, kisha wapande treni ya kawaida ya kwenda Tokyo na kushuka nyumbani kwao. Safari ya dakika nne. Hata mgonjwa angeshuka.

Siku ya siku ikafika. Mkaguzi wa reli, Bwana Minowa, alisimama na kidude chake cha kuhesabia. Mimi nilikuwa ndani ya kitunguu, nikiona kupitia tundu dogo lililoelekea chini, Bi Orie akiwa kando yangu na aproni yake. Treni ikaingia. Milango ikafunguka. Sikuona hata kiatu kimoja kikishuka.

"Mbona hawashuki?" nikauliza.

"Wamelala!" akasema Bi Orie. "Wote! Midomo wazi! Hata waliosimama!"

Hapo niliuona upungufu wa kitaalamu katika mpango wetu. Hawa ni watu wa miaka thelathini ya treni: makalio yakigusa kiti, macho yanafumba, wala hayafumbuki hadi Tokyo. Nilitaka kupiga kelele, lakini kanuni za stesheni zinakataza kuwasumbua abiria. Milango ikafungwa. Tuliarifiwa baadaye kwamba waliamka Tokyo wote kwa mpigo na, kwa kuwa walikuwa wameshafika, wakaenda kazini, wakiwemo sitini walioomba likizo na wazee wawili waliokwisha kustaafu.

"Sifuri," akasema Bwana Minowa. Bi Orie akaanza kufungua aproni yake polepole.

Ndipo ikaingia treni ya upande wa pili, inayotoka Tokyo. Wakashuka watu kumi na wawili wenye kofia na barakoa, mbio mbio kuelekea mlango wa nyuma. Nilichoona mimi ni viatu tu. Lakini nimewainamia wakubwa kwa miaka kumi na tisa. Viatu vyao navijua kuliko nyuso zao.

"Mstahiki Meya!" nikasema. "Karibu Hanemori!"

"Tsukuda, fyata mdomo!"

"Kumbe!" Bi Orie akafunga aproni upya. "Si ulituambia kwenye kampeni unakaa nyuma ya hekalu, unaamshwa na kengele?"

"Kengele ninayo," akasema Meya. "Nimeirekodi kwenye simu."

Bwana Minowa alibofya mara kumi na mbili. "Wageni kumi na wawili, kutoka Tokyo."

Nikatoa tepe. Sheria ni sheria.

"Futa huo mwongozo, wewe!" Meya akanguruma.

"Kuufuta kunahitaji mihuri yenu nyote, Mstahiki. Mihuri iko ofisini. Na kwenda ofisini, kwa mujibu wa Mwongozo, njia ni mtaa wa maduka."

Wakaimbiwa, beti zote sita.

Treni ya haraka haijaanza kusimama, lakini Machi imepita na jiko la Bi Orie linawaka. Hakuna mkubwa aliyethubutu kuufuta Mwongozo mbele ya wakazi. Kila asubuhi wakubwa kumi na wawili wanapanga foleni na tepe zao, na wakazi siku hizi wanachelewa treni makusudi ili watazame, na ukitazama sana njaa inauma. Duka linajaa hadi nje.

Jana Mstahiki Meya alijaribu kuniwahi kabla sijavaa kitunguu: alipanda treni ya haraka. Nadhani aliamini ahadi yake mwenyewe ya kampeni, kwamba treni hiyo itasimama Hanemori. Tulimwona dirishani, akigonga kioo kwa viganja viwili, akipita. Sote tukainama.

Bi Orie amemfungia tatu zake kwenye karatasi.