Sanduku la Mama Limeolewa Koboko

Leo Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, nimetoka nyumbani Arua nikiwa na heshima yangu yote. Jioni nimerudi bila heshima na bila sanduku. Heshima si hoja, ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Sanduku ndilo linaninyima utulivu. Nimekaa, nimeinuka. Nimekwenda jikoni, nimesahau nimefuata nini, nimerudi. Basi acha niwaandikie ninyi wasichana wenzangu, maana kuandika naweza. Kusema ndiko kumeniponza.

Mnajua mama anauza vyombo vya plastiki nyumbani. Hana duka. Ana sanduku kubwa la bluu lenye vyombo vya kuonyesha: mabakuli, jagi, makopo ya unga, yale yenye vifuniko vinavyobana mpaka maji hayatoki (hilo la maji mliweke kichwani). Watu wanatazama, wanaagiza, mzigo unakuja. Shida ni kwamba majirani wote wameshanunua, na bakuli lenyewe halivunjiki, kwa hiyo hakuna anayerudi.

Njia iliyobaki ni vikundi. Kwaya inataka ngoma mpya, timu inataka jezi: wanauza vyombo kwa watu wao, faida inagawanywa, wao wanapata ngoma na mama anapata chake. Ukieleza hivyo ni rahisi. Lakini tangu mvua zianze mama hajapata kikundi hata kimoja, na mkubwa wa wauzaji amemwambia wazi: Jumapili jioni ikifika bila kikundi, sanduku linapewa mwanamke mwingine kule Inde. Na mama bila sanduku ni mama aliyerudi kuuza mihogo juani na mgongo wake ule unaouma.

Ndipo kwaya moja ya Koboko, upande wa njia ya Midia, ikakubali kumsikiliza leo. Mama alifurahi mpaka akafua kitenge chake kizuri. Kisha mafua yakamkamata, na leo asubuhi amefungua mdomo ikatoka sauti ya mlango mbovu. Akanitazama. Mimi nikatazama nyuma yangu kuona anamtazama nani.

Mimi! Mimi ambaye mwalimu akiuliza swali ninalolijua nainama kutafuta kalamu ambayo haijaanguka.

Njia nzima mpaka Koboko nimekariri hotuba ya mama midomo ikitingishika. Mzee aliyekaa karibu nami kwenye gari amedhani nasali, akavua kofia. Koboko nikamwambia mtu wa boda kwa sauti yangu ile (mnaijua) kwamba nakwenda njia ya Midia, nyumbani kwa mama wa kwaya, kuna mkutano leo. Nadhani alisikia neno Midia na neno mkutano. Alitazama sanduku, akatazama gauni langu la kanisani, akasema anapajua, watu wamekwenda huko tangu asubuhi.

Na kweli watu walikuwepo. Hema, viti vya plastiki, masufuria ya moto nyuma ya nyumba, wanawake waliovaa kitenge cha aina moja wanaimba. Nani angeuliza swali hapo? Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nimeona aibu kuuliza, nikajipa jibu mwenyewe: wanafanya mazoezi.

Mlangoni mwa hema alisimama mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe, mgongo wima kama askari ambaye bado yuko paredi. Baadaye nimejua anaitwa mzee Sebi.

"Mumechelewa," akaniambia.

Nikapiga magoti, nikamwomba radhi, nikasema gari lilisumbua.

"Kuchelewa iko na faini yake. Ingia."

Nikacheka kidogo. Nikajiambia, kwaya hii ina nidhamu.

Ndani watu walikaa pande mbili, wanatazamana. Katikati kuna mkeka mpya kabisa, mtupu, hakuna anayeukanyaga. Nikapelekwa upande wa kulia, nikakaa chini na wanawake, sanduku mapajani. Waliokuwa karibu nami wakanisogezea nafasi bila kuuliza lolote. Nikafikiri: sauti ya kwanza upande huu, sauti ya pili upande ule, mkeka ni wa mwalimu wa kwaya. (Ndiyo. Hicho ndicho kichwa ambacho wazazi wangu wanakilipia ada.)

Wazee wakasema mengi kwa Kikakwa, sikushika hata nusu. Kisha mzee Sebi akasimama upande ule mwingine, akageukia upande wetu, akasema kwa Kiswahili ili wote tusikie:

"Nyinyi wageni, munakaa tu. Mumekuja na nini?"

Upande wetu kimya. Wanaume wanatazama viatu. Mama mmoja mnene mbele yangu anachungulia barabarani kama anayengoja gari. Mzee akarudia swali. Kimya tena.

Na hilo ndilo swali ambalo mimi nimekariri jibu lake kutoka Arua! Nikajiambia moyoni, Ayikoru, ukinyamaza leo, sanduku limekwenda Inde. Nikasimama.

Nikasimama, jamani. Msichana, mbele ya wazee, wa kwanza kufungua mdomo upande wetu.

Nikawasalimu wazee na wamama. Nikasema nimekuja na kitu kitakachoondoa shida ya kikundi chenu. Nikasogea, nikafungua sanduku, nikapanga vyombo kimoja kimoja juu ya ule mkeka mtupu, vikameremeta. Upande ule wanawake wakainua shingo. Hiyo ikanipa nguvu (sijawahi kuinuliwa shingo maishani). Nikaendelea: ninyi kazi yenu ni kutoka tu, mwende nyumba kwa nyumba mkauze, hata wazee wanaweza, kisha tutagawana.

Mzee mmoja akauliza polepole, "Sisi tuende kuuza?"

Nikamjibu kwa furaha kwamba ndiyo, na yeye mwenyewe anaweza kuanza na jirani zake.

Sasa ikafika sehemu ambayo watu huipenda zaidi kwa mama. Anatia maji ndani ya bakuli, anafunga kifuniko, analigeuza kichwa chini juu ya mapaja yake, na hakuna tone linaloanguka. Watu hupiga makofi. Nami nikamimina maji kutoka kwenye birika la kunawia, nikafunga, nikaona mapaja yangu hayatoshi, wote hawataona. Nikamsogelea mzee Sebi. Nikaliinua bakuli juu ya kichwa chake. Nikasema, "Mzee, usiogope."

Nikaligeuza.

Kifuniko kile hulia "tak" kikibana. Mama amenifundisha tangu mwanzo, nisikilize "tak". Leo wanawake walikuwa wananong'ona, nami sikusikiliza chochote. Maji yote yalikwenda kichwani, yakashuka kwenye ndevu, yakaingia ndani ya kanzu. Kifuniko kikafuata, kikamgonga puani.

Mzee Sebi alibaki wima vilevile, maji yanadondoka kwenye pua. Kisha akafuta jicho moja, akatangaza:

"Faini. Kuku."

Na mimi bado sijaelewa! Nimebaki nawaza ni kwaya gani hii inayotoza kuku. Wakati huohuo wanawake wa upande ule wakapiga vigelegele, wakatoka mbio, wakakusanya mabakuli, jagi, makopo, wakayarudisha sandukuni, na sanduku la mama likaingia ndani ya nyumba juu ya kichwa cha mtu anayecheza.

Nikanyoosha mkono. "Mama, hiyo iko ya kuonyesha tu..."

Yule mama mnene akanikamata mkono, akanivuta chini hadi nikakaa.

"Wewe mutoto wa nani? Ulikuja na gari yetu gani?"

Nikamnong'oneza kwamba mimi ni wa vyombo. Nikamuuliza kama hii si kwaya.

Akanitazama. Akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Mutoto wangu," akasema alipoweza, "hapa tunaoa."

Huyo ni mama Rehema, shangazi wa bwana harusi. Wametoka Arua kuleta mahari. Gari lao la pili, lililobeba zawadi za mama wa bibi harusi, lilikuwa limetoboka gurudumu huko nyuma. Ndiyo maana walikuwa kimya walipoulizwa wamekuja na nini. Wao walidhani mimi ni ndugu wa lile gari la pili. Wenyeji walidhani vilevile.

Ule mkeka ninaujua. Hata kwetu upo. Kitu kikiwekwa juu yake mbele ya wakwe, kimetolewa, kimekwisha. Ningejua ni mkeka huo ningeuzunguka kama mtu aliyeona nyoka. Mama Rehema akanieleza kwa sauti ndogo kwamba nikidai sanduku sasa, itakuwa upande wa mume umenyang'anya zawadi mikononi mwa mama mkwe, na hapo harusi hakuna.

"Nyamaza, kula, usimame tu wakati sisi tunasimama," akamaliza.

Kunyamaza ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nikanyamaza. Lakini kutulia nilishindwa. Nimekula nyama ya wenyewe bila kujua ladha yake. Nimekwenda kunawa mikono tena na tena. Nimezunguka nyumba nikijifanya natafuta choo, nikaliona sanduku kupitia dirishani, bibi harusi anajaribu vifuniko. Vyote vinalia "tak" kwake. Tak, tak, tak. Nikataka kulia.

Kisha simu. Mama wa kwaya, yule wa kweli: wamengoja, wamechoka, wametawanyika, na kuna mtu mwingine wa sabuni amewafikia, watafanya na yeye.

Kwa hiyo mpaka saa hiyo nimepoteza sanduku na kikundi, nimemwagia mtu maji, na nimeozesha msichana.

Nimerudi Arua kwenye gari la upande wa mume. Njia nzima mashangazi wameniita "mukwe" na kuangua kicheko. Mama Rehema tu ndiye alichukua namba ya mama, akasema hili jambo hatalala nalo.

Mama alikuwa mlangoni. Alitazama mikono yangu kwanza. Nikamweleza yote, na kwa sababu hana sauti hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo ni baya kuliko kugombezwa. Nilipofika kwenye kanzu ya mzee Sebi alishika mbavu, akacheka bila sauti, machozi yakamtoka. Halafu akajifuta macho. Akaenda akaanza kufagia ile pembe ambayo sanduku hukaa. Hapakuwa na vumbi.

Hiyo pembe ndiyo naikimbia nikiinuka kila saa. Msinicheke bado. Subirini nipate usingizi.

*

Jumapili. Naongeza, maana nimeamka kabla ya watu wote na siwezi kukaa.

Mama Rehema amepiga simu kukiwa bado na umande. Mama akanipa mimi simu, yeye bado ni mlango mbovu. Kumbe jana, tulipokwisha kuondoka, majirani wote wa mama mkwe waliingia kutazama vyombo, kila mmoja akauliza vinapatikana wapi. Na kamati ya harusi, watu wa pande zote mbili, inakaa leo mchana palepale chini ya hema. Wana harusi ya kulisha watu wengi na mfuko mwepesi. Mama Rehema amewaambia yule msichana wa maji ana njia. Wamekubali kusikiliza, na kamati nayo ni kikundi.

Nikamuuliza, nitaonyesha nini, na sanduku ni lao sasa?

"Kurudisha hapana," akasema. "Lakini mama mukwe anaweza kukuazima. Kuazima iko mambo ya majirani."

Nilitaka kumshukuru, akanikatiza. Kuna sharti. Mzee Sebi ndiye mwenyekiti wa kamati. Amesema hasikilizi mtu mpaka faini ifike, na ailete aliyemwaga mwenyewe.

Kwa hiyo leo asubuhi nimemkimbiza kuku wetu mweupe kuzunguka nyumba nikiwa na gauni la kanisani. Nimemfunga miguu, nimepanda gari la Koboko, na njia nzima amenitazama kama anayejua mimi ndiye niliyekosa na yeye ndiye anayelipa. Kanisa nimeliacha, Mungu ameona sababu. Nimefika kwenye lile hema mapema kuliko wote. Mzee Sebi alikuwa mlangoni na kanzu nyingine, kavu.

Nikapiga magoti, kuku mkononi. Na kabla sijakanyaga ndani nikauliza kwa sauti iliyomfanya kuku ashtuke:

"Mzee, shikamoo. Hapa leo kuna nini?"

Akavua kofia, akaiweka mbali, kwenye kiti.

"Kikao cha kamati," akasema. "Ingia, mutoto. Bakuli utageuza juu ya kichwa yako."

Nimeandika haya nikingoja kamati ikusanyike, naingia sasa hivi. Mwenye kutaka kucheka acheke, ila ajue nitakuja kwake na sanduku, na kifuniko atakifunga mwenyewe.