Mjomba Kaja Kunichunguza Kauntani

Jumanne, 10 Agosti 1971
Kikao cha wafanyakazi hapa Baa ya Ushirika, Temeke. Ndugu Gregori, meneja wetu, kasema mlevi asiongezewe pombe, na mhudumu atakayekuwa macho kuliko wenzake atapewa ukuu wa kaunta. Mie huyo! Jumapili nakwenda kwa kina Adelina kusikia jibu la posa. Nikiwa mkuu wa kaunta, nani atanikataa? Jovina, mhudumu mwenzangu, naye anautaka ukuu huo. Athubutu!

Jumatano, 11 Agosti
Leo nimemnasa mlevi! Mzee mmoja kaingia anapepesuka, shavu limevimba, maneno hayatoki. Nikamshika bega hadi nje, nikimwambia kwa sauti, wateja wote wasikie, kwamba hapa hatuuzii walevi. Watu wakacheka. Harufu ya pombe sikuisikia, lakini nilishaanza kusema, ningeachaje? Jovina kadai mzee aliomba soda. Wivu huo.

Alhamisi, 12 Agosti
Mungu wangu! Adelina kaja analia. Yule mzee ni mjomba wake, Mzee Leonardi, mchonga vinyago. Alikuwa ametoka kung'olewa jino, mdomo una ganzi, miguu haina nguvu, akapita kunitazama kabla ya Jumapili. Na kwao, watu wa Newala, mjomba akisema hapana, baba mtu ananyamaza. Sijala. Nikikumbuka lile bega natamani ardhi ipasuke nizame.

Jumamosi, 14 Agosti
Nilimwomba mjomba aje nimkirimu. Akaja, mstaarabu, kavaa koti. Nikampa shikamoo mara tatu. Nikamwekea bia, nikaongeza, nikaongeza. Alipofunika glasi kwa kiganja, nikamsihi. Jovina akaninong'oneza kwamba mzee ametosheka. Nikamjibu mambo ya ukwe hayajui. Mara mjomba kasimama atoe salamu za ukoo, kaangukia meza ya watu!

Ndugu Gregori akauliza nani kampa yote hayo. Nikamwonyesha Jovina. Ndiyo, kwa mkono huu huu. Mjomba, chali sakafuni, akasema binti huyu alimkataza, ila kijana yule hampi mtu nafasi ya kupumua. Jovina kamnywesha maji, kamsindikiza hadi kwake. Yeye ndiye mkuu wa kaunta sasa. Mie naosha glasi, na sina uso wa kumtazama Jovina.

Jumapili, 15 Agosti
Mjomba kanitumia salamu. Posa hajaitupa! Kasema kukosea kupo, ila niende mwenyewe jioni hii, nimtazame machoni, nimwombe radhi. Adelina kaniombea sana. Jamani, bahati gani hii! Lakini aibu inanitafuna. Nikiyafikiria macho ya mjomba, natamani kujificha. Nikanywa moja ya kunipa ujasiri. Ujasiri haukuja, nikaongeza. Nikaomba nyingine, Jovina kanikatalia, eti imetosha, nikaoge, ninywe chai. Roho mbaya hiyo! Nimehamia kilabuni kwa Mama Demetria. Huyu mama hamkatai mtu. Namalizia hii tu, kisha moja kwa moja kwa mjomba.